Nazi za Vanuatu na Mtoto wa Mdogo Wangu

Mwaka ambao mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, mimi nilikuwa Kitale nikisomea lishe, na kazi yangu ya mwisho ya masomo ilihusu mafuta wanayopata watu wa nchi mbili za visiwa ambazo sijazikanyaga na sidhani nitazikanyaga. Moja ni Vanuatu, mbali huko kwenye bahari ya Pasifiki. Nyingine ni Malta, iliyo katika bahari ya Mediterania. Nilitakiwa kulinganisha mafuta yanayotoka kwenye mbegu: karanga, simsim, alizeti, soya, pamoja na nazi, ambayo wataalamu wa takwimu huiweka kundi moja na hizo mbegu.

Mama aliposikia alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kwani hapa Bungoma watu hawali mafuta?"

Nikamweleza kwamba kuzunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza watu wanakula nini kunahitaji nauli, vibali na muda, na takwimu za nchi hizo ziko mtandaoni, zinamngoja yeyote.

"Sawa, mayi," akasema, akiniita mama kwa Kibukusu. "Ukimaliza na hao wa baharini, urudi utuangalie na sisi."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mama hulima alizeti nyuma ya nyumba yetu huko Lugulu, kaunti ya Bungoma, na kila baada ya mavuno huja Kitale na magunia yake, kwa mtu mwenye mashine ya kukamua si mbali na chumba nilichopanga. Tulikuwa tukikaa pamoja kwenye benchi la mbao tukingoja zamu yetu, mashine ikinguruma, harufu ya mbegu za moto ikituingia mpaka kwenye sweta. Mafuta yalitoka yakiwa bado na joto, mazito kidogo, rangi ya chai ya rangi. Mashudu tulirudi nayo kwa ajili ya ng'ombe. Nyumbani kwetu kuliwahi kukosekana vitu vingi, lakini mafuta hayakukosekana. Mtoto akikonda, mama aliongeza mafuta kwenye uji wake au kwenye mboga. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya lishe, na kusema kweli haikuwa mbali na niliyokuwa nikifundishwa darasani.

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa wakati wa mvua ndefu. Msichana, mwenye uzito mzuri na sauti ya kuamsha wodi nzima. Siku chache baadaye macho yake yakawa manjano. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu watoto wengi huzaliwa wakapata manjano na yakaisha yenyewe. Mdogo wangu alikuwa amerudi kukaa kwa mama wakati wa uzazi, mume wake akibaki Bungoma mjini alikoendesha bodaboda. Alipompeleka mtoto kliniki akaambiwa amwanike jua la asubuhi. Basi kila asubuhi alitandika leso mlangoni, akamvua nguo, akamlaza. Jua lisipotoka, alikaa naye pale pale akilingoja.

Mimi nilikuwa mbali. Nilitumiwa picha kwenye simu, na picha za simu humpendezesha kila mtu.

"Anaendeleaje?" nilikuwa nikiuliza.

"Anaendelea vizuri. Ananyonya kama ndama."

Na kweli alinyonya. Hilo ndilo lililotupumbaza sote. Mtoto anayenyonya hivyo, nani atamwita mgonjwa?

Chuo kilipofungwa nikashuka nyumbani. Mtoto alikuwa anakaribia miezi mitatu. Nilifika mchana nikamkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba, beseni liko chini, anamwosha binti yake. Nikampokea ili nimkaushe. Alikuwa mwepesi. Tumbo lilikuwa kubwa, mikono na mapaja membamba, na ngozi yake haikuwa rangi ya kwetu wala rangi ya baba yake, ilikuwa na kitu cha kijani chini yake. Kisha nikaona nepi aliyokuwa amemvua. Choo kilikuwa cheupe. Kilikuwa cheupe kama ule udongo ambao akina mama wa zamani walipaka kwenye kuta za nyumba.

"Choo chake huwa hivi?"

"Ndiyo. Si ni maziwa tu? Anakunywa maziwa, anatoa maziwa."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Kama si tangu mwanzo, basi karibu na mwanzo. Kwani kuna shida, dada?"

Nilikuwa nimesoma jambo hilo mahali, katika ukurasa niliopitia haraka kwa kuwa mwalimu alituambia hautatahiniwa. Rangi ya choo hutoka kwenye nyongo. Choo cha mtoto kikiwa cheupe, nyongo haifiki tumboni. Sikutaka kumwambia hivyo akiwa ameshika sabuni. Nikamwambia tu, "Vaa. Tunaenda hospitali."

"Leo? Si tungoje Jumatatu?"

"Leo."

Aliniangalia usoni, akaacha beseni na maji yake pale pale.

Katika hospitali ya misheni tulionwa na tabibu kijana, mpole, ambaye aliweka kiganja kwenye tumbo la mtoto na kukiacha hapo kwa muda mrefu. Aliomba kuona nepi. Akaenda kumwita mwenzake, naye akaja akaangalia nepi ile ile. Walituandikia twende Eldoret, na wakatuambia tusilale nyumbani zaidi ya usiku huo.

Shemeji yangu alikuja kutoka Bungoma akiwa bado amevaa jaketi lake la kuendeshea pikipiki, na hakulivua safari nzima. Huko Eldoret mtoto alipimwa damu, akapigwa picha ya tumbo, tukahamishwa kutoka chumba hiki kwenda kile. Mwishowe daktari mmoja mwanamke alituketisha. Alichora ini kwenye karatasi, akachora na mirija midogo inayobeba nyongo kutoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo. Kisha akapiga mstari juu ya mirija.

"Kwa mtoto wenu hii imeziba. Nyongo inabaki ndani ya ini na inaliharibu."

"Inazibuliwa?" shemeji aliuliza.

"Kuna upasuaji. Tunaunganisha utumbo na ini moja kwa moja. Unafaa zaidi mtoto akiwa mdogo sana."

"Kwa hivyo tumechelewa?"

Daktari alikunja ile karatasi. "Mmekuja siku mliyojua," akasema. "Tutajaribu."

Walijaribu. Siku ya upasuaji tulikaa nje kwenye nyasi, mdogo wangu maziwa yakimvuja mpaka yakalowesha gauni, na akakataa kubadilisha. Daktari alipotoka alisema ini limeshakuwa gumu, lakini wameunganisha, sasa tungoje tuone kama nyongo itapita. Tungejua kwa kuangalia choo.

Sijawahi kungoja kitu kwa hofu namna ile. Kila nepi ilipofunguliwa sote watatu tuliinama. Siku moja mdogo wangu aliapa ameona rangi, manjano hafifu pembeni. Alimwita muuguzi, akawaita akina mama wa vitanda vya jirani, wakaja wakasimama. Muuguzi aligeuza nepi kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ni mkojo uliosambaa. Wale akina mama walirudi kwenye vitanda vyao, mmoja akambembeleza mdogo wangu mgongoni alipopita.

Nyongo haikupita.

Tulipokuwa tunajiandaa kurudi nyumbani, shemeji alimfuata daktari kwenye korido. Nilikuwa nyuma yao nimebeba mfuko wa nguo.

"Daktari, nimesikia watu wanaweza kupewa ini ya mtu mwingine."

"Inawezekana, lakini kwa mtoto mdogo hivi hapa kwetu haifanyiki. Ni nchi za mbali."

"Si mchukue yangu? Mimi niko na ini nzima. Sinywi pombe, sivuti. Mkate tu kipande."

"Nimekusikia, baba."

"Ama mchukue yote."

Daktari alimshika mkono, akasimama naye hapo, watu wakiwapita na machela na sahani za chakula. Sikujua kwamba shemeji yangu anaweza kulia. Alilia akiwa amesimama wima, kofia ya pikipiki ikining'inia mkononi.

Baada ya hapo daktari alizungumza nasi kuhusu chakula, na ndipo nilipoanza kusikia maneno yangu ya darasani yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Mafuta ya kawaida yanahitaji nyongo ili yaingie mwilini. Bila nyongo, mafuta ya alizeti, ya siagi, ya mahindi, hata mengi yaliyo kwenye maziwa ya mama, yanapita tu na kutoka. Mtoto anakula kutwa na anakufa njaa. Lakini kuna mafuta ya aina nyingine ambayo hayangoji nyongo, yanaingia yenyewe. Kuna maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa mafuta hayo, ila hospitali haikuwa nayo na hakujua lini yatakuja.

"Mkiyakosa," akasema, "tafuteni mafuta safi ya nazi, ya kula. Matone machache kwenye maziwa aliyokamuliwa, mkiongeza taratibu. Siyo dawa. Hayataponya ini. Yatampa nguvu kidogo, na nguvu kidogo ni siku."

Nazi. Kwenye kompyuta yangu Kitale kulikuwa na jedwali ambalo nazi ilijaza upande mzima wa Vanuatu, kisiwa baada ya kisiwa, watu wakiikuna, wakiikamua, wakiila asubuhi na jioni. Nilikuwa nimeiandikia kurasa nyingi, na katika maisha yangu nilikuwa nimeonja nazi mara chache mno, ndani ya biskuti.

Niliporudi Kitale nilianza kutafuta. Kwenye supamaketi nilionyeshwa rafu ya mafuta ya nazi, yote ya nywele, yenye manukato na picha za wanawake wenye nywele ndefu. Kwenye duka la dawa, ya ngozi. Nilipouliza ya kula, yule dada wa kaunta alinitazama kama mtu aliyeomba kunywa shampuu. Nikateremka Bungoma, nikazunguka soko lote. Mama mmoja aliyeuza vipodozi aliniinulia chupa, nikamwuliza kama inafaa kuliwa, akanijibu kwa upole, "Hii ni ya nywere, mayi, si ya kura." Wakati mwingine wowote ningecheka.

Ni yeye aliyenielekeza kwa mzee mmoja mwenye asili ya Pwani aliyeuza tende, viungo na ubani karibu na msikiti. Alikuwa na nazi chache kwenye kikapu, zimekaa mpaka zimepauka. Alitikisa moja sikioni, akatikisa nyingine. Ya kwanza aliyoipasua ilikuwa imeoza ndani, akaitupa bila kunitoza. Nilipomweleza ninaitakia nini, aliacha wateja wengine wakingoja.

"Unajua kukamua tui, binti?"

"Sijui."

"Una mbuzi?"

Nikamwambia mama ana mbuzi wawili nyumbani. Akacheka, akaniomba radhi kwa kucheka, kisha akatoa chini ya meza kiti kidogo cha kukunja chenye chuma chenye meno mbele. Hiyo ndiyo mbuzi ya kukunia nazi. Alinikalisha mbele ya duka lake na kunifundisha: kuna, mimina maji ya moto, kamua kwa mkono, chuja, kisha bandika tui kwenye moto mdogo usiukimbie mpaka mafuta yajitenge. Aliniazima mbuzi ile, na akaniahidi kuagiza nazi mpya kila gari lake la mizigo litakapopanda kutoka Mombasa.

Hivyo nyumba yetu ya Lugulu, iliyonuka alizeti miaka yote, ikaanza kunuka nazi. Nilimpigia daktari kumweleza jinsi tulivyoyatengeneza, akauliza maswali mengi kuhusu usafi, akakubali. Mama ndiye aliyekaa na sufuria. Alikuwa mwanamke asiyependa kuonyeshwa kupika, lakini kwa hilo alisikiliza kila neno, na mafuta yalipoanza kuelea, meupe kama maji, aliita, "Njooni muone! Yametoka!"

Mtoto alipewa matone. Baada ya muda akaongeza uzito. Kidogo, lakini mizani ya kliniki ilisema hivyo, na mdogo wangu aliipiga picha ile mizani akanitumia. Akaanza kucheka kwa sauti. Akaanza kushika pua ya babake anapokuja. Kulikuwa na wakati, sijui wiki ngapi, ambapo nilijiruhusu kuamini kwamba tungemvusha, kwamba angefika mwaka, kisha miwili, kisha hapa kwetu pangepatikana mtu wa kumfanyia lile lisilofanyika.

Wakati huo huo niliandika kazi yangu. Matokeo yalionekana rahisi. Vanuatu ilipata mafuta mengi kutoka kwenye kundi la mbegu na nazi. Malta ilionekana karibu haina kitu. Nikaandika kwamba watu wa Malta wana upungufu, nikapendekeza wahimizwe kula karanga. Msimamizi wangu, mwalimu wa makamo ambaye husoma kila kitu akiwa na kalamu nyekundu mdomoni, aliniita ofisini.

"Hawa watu wa Malta wanapikia nini? Maji?"

Nikaanza kufunua kurasa zangu.

"Umeangalia safu ya mafuta yaliyokwisha kukamuliwa? Hiyo ni safu nyingine, si hii. Hawa wananunua mafuta kwenye chupa, kwa hivyo mbegu huzioni. Wale wengine wanakula nazi yenyewe, kwa hivyo unaiona. Ukisoma safu moja tu, utawatangazia njaa watu walioshiba." Akageuza ukurasa. "Na kitu kingine. Umeandika kwamba haya ndiyo mafuta ambayo watu hawa wameyapata. Hapana. Haya ni yaliyofika nchini mwao. Nani aliyala, nani aliyakosa, nani aliyala na mwili wake ukayakataa, jedwali haliwezi kukuambia."

Nilianza kulia. Alidhani ni kwa sababu ya kalamu nyekundu, akaitoa mdomoni, akaanza kunieleza kwamba kazi yangu si mbaya. Nikamwambia juu ya mtoto. Nilimwambia yote, tangu beseni mpaka nazi. Aliziweka zile karatasi kando, akakaa tu. Hakunipa nasaha yoyote. Kisha aliniuliza kama nataka kuahirisha hadi mwaka unaofuata. Nikakataa. Niliona kwamba nikiacha kuandika juu ya mafuta ya watu wengine sitakuwa na kitu cha kufanya ila kuwaza juu ya yasiyoingia kwa wetu.

Kisha mambo yakageuka. Mwasho ndio ulioanza. Nyongo iliyokosa njia ilikuwa imejaa kwenye damu, na ngozi ilimwasha mchana kutwa. Mdogo wangu alimkata kucha mpaka nyama, mama akashona mifuko ya kitambaa cha shuka kuukuu akamvika mikononi, lakini alijisugua kwa mto, kwa kifua cha mamake, kwa ukuta. Alilala vipande vipande. Uso ukajaa mikwaruzo. Daktari aliongeza dawa, zikasaidia kidogo, zikaacha kusaidia. Tumbo likaanza kujaa maji, likawa gumu, likang'aa.

"Dada," mdogo wangu aliniambia kwa simu, "siku hizi nikimbeba nabeba tumbo. Hayo mengine yameisha."

Niliporudi nyumbani mara hiyo nilikuta mzozo. Mdogo wangu alikuwa amefungua nepi akaona mafuta yanaelea juu ya choo, mazito, ya manjano. Kwa dakika chache alifikiri ni nyongo. Alikuwa tayari amempigia mumewe simu akipiga kelele za furaha. Halafu akanusa.

"Mama, umempa nini?"

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani. Hakukana.

"Uji. Kidogo. Na alizeti."

"Si daktari alisema—"

"Nimesikia daktari alisema nini!" Sikuwa nimemsikia mama akipaza sauti hivyo tangu tukiwa watoto. "Hiyo mafuta imewalea nyinyi wote. Wewe ulizaliwa kama panya. Dada yako akapata surua akabaki mifupa. Nyote niliwarudisha kwa hayo mafuta. Mnataka nikae hapa niangalie mtoto anakauka na mtungi umejaa?"

Mdogo wangu alikaa chini sakafuni akaweka kichwa chake magotini pa mama, na mama akaendelea kuangalia ukutani. Mafuta yale hayakumdhuru mtoto. Yalimpita tu, kama yalivyokuwa yanapita yote.

Nazi nazo zikaacha kusaidia. Mzee wa Bungoma alituma mpya, nzuri, zenye maji ndani, lakini mtoto alianza kutapika kila tuliponyunyiza. Mwishoni hakutaka chochote ila titi, na hata hilo alilishika mdomoni bila kuvuta.

Alikufa asubuhi, mvua ikinyesha. Alianza kutoka damu puani alfajiri na haikukatika. Shemeji alikuwa amelala pale nyumbani siku hiyo, akawasha pikipiki, mdogo wangu akapanda nyuma na mtoto kifuani chini ya koti la mvua, mimi na mama tukafuata kwa miguu tukikimbia na kuteleza. Tulipofika hospitali tulikuta wamemlaza kwenye kitanda kikubwa cha watu wazima. Muuguzi alikuwa akimfuta. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni na mkono wake chini ya kichwa cha mtoto, na nilipoingia aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ameacha kujikuna." Nikajua.

Tulimzika siku iliyofuata nyuma ya nyumba. Watu wa kanisa waliimba, mvua ikasimama kidogo ikarudi. Jeneza alilibeba baba yake peke yake, chini ya kwapa, hakutaka msaada.

Jambo ambalo hakuna aliyetuandaa kwalo ni maziwa. Yaliendelea kuja. Kwa siku nyingi baada ya mazishi matiti ya mdogo wangu yalijaa mpaka akapata homa, na mama akamwambia ayakamue kwenye shina la mgomba, ndivyo walivyofanya wanawake wa kwetu waliofiwa na watoto. Nilimsindikiza. Alikamua, maziwa yakitiririka kwenye gamba la mgomba na kuingia udongoni. Mara moja alikamua kwenye kikombe, sijui kwa nini, akakiacha kwenye kizingiti cha dirisha. Tuliporudi utando mzito ulikuwa umepanda juu. Aliugusa kwa kidole.

"Angalia vile yalikuwa mazuri," akasema.

Kazi yangu niliimaliza. Niliitetea mbele ya walimu, mmoja akaniuliza swali kuhusu uagizaji wa mafuta Malta, nikajibu, wakaridhika. Nilipita. Rafiki zangu walipiga picha nje ya ukumbi, na mimi nimo ndani ya picha hizo, nimevaa viatu vya kuazima, ninatabasamu. Sikumbuki nilivyorudi chumbani.

Sasa nafanya kazi hapa hapa Kitale, kwenye kliniki ya mtu binafsi, nikiwashauri watu wenye sukari na presha. Mdogo wangu alirudi Bungoma mjini kwa mumewe. Kwa muda mrefu shemeji hakubeba abiria mwenye mtoto mchanga. Mwanamke mwenye mtoto akimsimamisha, alisema petroli imeisha, akamwelekeza kwa mwenzake. Siku hizi hubeba, lakini mdogo wangu anasema akifika nyumbani siku ya namna hiyo hali chakula.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu. Ana mimba. Tumbo limeshaonekana na hajawaambia watu, anavaa sweta kubwa hata jua likiwa kali. Nilimwambia alivyosema daktari wa Eldoret, kwamba ugonjwa ule kwa kawaida haurudi kwa mtoto wa pili. Aliniachia nikamaliza.

"Umenisomea vizuri," akasema. "Lakini usinisomee tena. Mimi siogopi kwa kichwa."

"Unaogopa kwa wapi?"

Nilisikia honi za Bungoma nyuma yake, na mtu akiita bei ya viazi.

"Utakuja wakati huo?" akauliza.

"Nitakuja."

"Usije na maneno, dada. Uje tu ukae."

Nimeomba likizo kazini. Mwajiri wangu aliniuliza kuna nini nyumbani, nikamwambia hakuna kitu, naenda kukaa na mdogo wangu.